Sinema ya mlima niliyoiona Mbarara, na jicho la mama

Wakuu, habari hii ilitugharimu jicho moja la mama yangu, jozi mbili za kandambili, jogoo mmoja na safari kumi na mbili za kwenda ofisi ya kambi. Nimehesabu mara mbili. Jogoo nilitaka kumtoa kwenye hesabu maana alikuwa mzee, lakini naye alikufa kwa ajili yetu.

Salaam kwenu nyote, hata mnaosoma kimyakimya bila kuchangia. Sitaongeza chumvi. Nilikuwepo.

Ni miaka ya themanini, kambi ya Nakivale, Uganda. Wazazi wangu walitoka Rwanda, mimi nikazaliwa palepale. Baba alishafariki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nachuuza samaki wakavu kutoka ziwani hadi soko la Rwekubo, na mara mojamoja Mbarara. Kiswahili nilikiokota kwa wachuuzi na askari, mama akakiokota kwangu. Hiki mnachokisoma nimekipigia pasi Bukoba, ninakoishi sasa.

Mama akaanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Akawa anamimina maziwa nje ya kikombe, halafu anatulaumu kwamba tumekisogeza.

Mbarara alikuwa anakuja daktari wa macho kwa siku chache, kisha anaondoka. Lakini kutoka kambini ulihitaji kibali chenye muhuri. Bila kibali, kizuizi cha kwanza cha askari unarudishwa, na kama ulibeba samaki, samaki hawarudi nawe.

Kibali cha kwanza tulikipata kirahisi. Tukafika Mbarara, tukaambiwa daktari ameondoka juzi. Tujaribu mwezi ujao, na kibali kipya.

Gari la kurudi lilikuwa la saa kumi, na jua lilikuwa kali. Tukaenda mtaa wa Nyamityobora kwenye ghala la mteja wangu wa samaki, tukimwita Hajji. Mchana ule ghala lilikuwa sinema: shuka jeupe ukutani, projekta, jenereta inanguruma nje.

Mlangoni nikaanza biashara.

"Hajji, mama haoni. Mlipishe nusu."

"Haoni, lakini anasikia. Ndani kuna mtafsiri."

"Basi alipe ya mtafsiri, ya picha umsamehe."

"Na kivuli cha humu ndani je? Au kivuli nacho hakioni?"

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, lipa. Unaniaibisha mbele ya watu nisiowajua sura."

Nililipa samaki wawili. Wadogo.

Mtafsiri alikuwa mwanajeshi mstaafu, jina lake pale ni Sajini. Siku hizo sinema ya Kiingereza haikwenda bila mtu kama yeye. Alisimama kando ya shuka na fimbo, akieleza kila kinachosemwa kwa Kiswahili cha jeshini.

Stori yenyewe: mzungu na nyumbu wake wa mizigo wanataka kuvuka mlima wa theluji. Ng'ambo, Sajini akatuambia, kuna binti yake mgonjwa. Mara ya kwanza theluji inamrudisha. Mara ya pili upepo. Mara ya tatu nyumbu anatumbukia korongoni, na ghala zima likaguna, maana pale kila mtu alijua bei ya mnyama.

Mwishoni yule mtu anasimama chini ya mlima, ndevu zimeganda, anaongea peke yake kwa muda mrefu. Sajini akashusha fimbo.

"Nasema hivi: Wewe mulima, sasa mimi najua wewe. Jana ulileta barafu. Leo umeleta upepo. Umekula nyumbu yangu. Kesho utaleta nini? Vitu yako itakwisha. Mimi niko hapa tu."

Kisha mtu akaanza kutembea, kweupe kote, mpaka akawa nukta.

"Amepita!" akasema Sajini.

Makofi. Nikamtazama mama. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mwezi uliofuata nikaenda ofisini kuomba kibali cha pili.

Karani hakuwa mtu mbaya, wakuu. Naye alikuwa na mkubwa wake. Siku ya kwanza mkubwa alikuwa safarini. Siku ya pili muhuri ulikuwa kabatini na ufunguo uko na mkubwa. Siku ya tatu wino umekauka. Nikanunua wino. Siku ya nne fomu zimekwisha.

Kila nikirudi, mama anauliza: "Leo ametoa nini?"

"Ametoa fomu."

Anakunja kidole. "Vitu vyake vitakwisha."

Safari ya saba nilimpelekea karani jogoo. Akampokea kwa adabu zote, akaniambia nirudi Jumatatu. Mama akakunja kidole cha jogoo. Vidole vyake vilipoisha, akaomba vyangu. Wakati huo daktari alikuwa ameshakuja Mbarara na kuondoka mara mbili.

Safari ya kumi na mbili karani aliniangalia, akaangalia kabati, akaangalia mlango.

"Wewe kijana," akasema, "leo sina cha kukuambia."

"Basi ssebo, bwana wangu, gonga muhuri."

Akagonga.

Jicho la kulia lilipasuliwa, likapona. La kushoto daktari alilimulika muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba presha ya ndani ya jicho imeshaliua. Miezi michache nyuma lingewezekana.

Bandeji ilipotoka mama alinitazama kutoka kichwani hadi kandambili. "Kumbe umekonda hivi. Na shati hilo ndilo ulilokuja nalo kwa daktari?"

Sasa sikilizeni.

Mwaka huu binti yangu aliitafuta sinema ile kwenye intaneti, akaipata kwa kumtaja yule nyumbu. Nikaiangalia peke yangu, kwa Kiingereza nilichokisoma ukubwani.

Ng'ambo ya mlima hakuna binti. Kuna dhahabu.

Na pale chini ya mlima yule mtu anasema amekuwa mjinga, mlima umeshinda, angekuwa na akili angegeuka tangu theluji ya kwanza. Kisha anatembea. Anarudi kwao. Nilirudisha nyuma mara mbili nikahakikisha.

Kiingereza cha Sajini kilikuwa cha gwaride tu. Alishafariki, kwa hiyo sitajua kama hakuelewa au alielewa akaona wale waliokaa mbele yake hawafai kuambiwa warudi.

Nilichojifunza: ule ung'ang'anizi haukuwa wa mzungu. Ulikuwa wa Sajini, mama akauchukua akiwa haoni chochote. Na haukutulipa kila kitu. Ulitupa jicho moja kati ya mawili. Kwa bei ileile ningenunua tena.

Mama yupo hai, ana zaidi ya miaka themanini, tunaishi naye. Kiingereza hajui hata neno. Amesikia sinema imepatikana na ameshapanga Jumapili baada ya chakula. Anasema ile siku aliisikia tu, sasa anataka kumwona yule mtu akipita, kwa jicho lake mwenyewe.

Naombeni ushauri wenu kabla ya Jumapili. Nikae naye kwenye kochi nimwambie anachosema yule mtu kweli, au nitafute fimbo nisimame kando ya televisheni?