Kambale kwa Kiingereza

Juzi, hapa Kibiti, nilimsikia mwalimu kijana akiwauliza wanafunzi kwa Kiingereza wamekula nini mchana, nikarudi papo hapo kwa mawazo darasani kwetu Mkongo, utotoni, alasiri iliyonukia mpunga mbichi.

Mwalimu wetu mgeni, Madamu Zuhura, aliniuliza swali hilohilo. Niliamini Kiingereza kinapokea vyakula vya kitabuni tu, nikajibu mkate na siagi. Wenzangu wakacheka, maana mikono yangu ilinuka kambale.

"Mwanangu, sikuulizi kitabu," alisema. "Nakuuliza wewe."

Nilisema nimekula ugali kwa kambale. Jina la samaki nikaliacha lilivyo. Akauliza nani kapika. Nikajibu ni mama, tena bila kusita. Maneno yalikuwa yananijia yenyewe.

Nilifika nyumbani nikihema. Mama alikuwa anatwanga.

"Mama, nimemtaja kambale wetu kwa Kiingereza."

"Na mwalimu kaelewa?"

"Kaelewa, tena kauliza nani kapika."

Mama aliuweka mchi chini. "Ungemwambia nilimtia nazi."

Leo najua Madamu alitaka tuzoee kuzungumza tu. Siku ile niliamini anasubiri kusikia zaidi juu ya chakula chetu, nikageuka, nikakimbia kurudi shuleni kumwambia habari ya nazi.