Siku Niliyojitolea Kuwa Mtu Aliyezama

Hii habari ningependa izikwe na mimi siku yangu ikifika, lakini Usenge nzima wanaijua, Ahero wanaijua, na juzi hapa Kisumu mama mmoja wa sokoni alinipimia omena, wale dagaa wetu wa ziwani, huku akicheka peke yake, nikajua basi, imeshafika. Kwa hivyo heri muisikie kwangu mwenyewe, maana wauza omena wakisimulia wanaongeza chumvi, na hii tangu mwanzo ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mambo yalianza na mapenzi. Nilitaka kumuoa Akinyi, na Akinyi akaniambia wazi kwamba kwao anayesema ndiyo au hapana si baba, ni mama yake, na mama yake haulizi kijana ana nini, anauliza tu, "Huyo anasaidia nani?" Sasa mimi nauza vipuri vya pikipiki. Ninasaidia nani mimi? (Watu wa bodaboda wanasema nawamaliza.) Ndiyo nikaenda kujiunga na kikundi kimoja kidogo cha kujitolea hapa mjini, kinachozunguka kando ya ziwa kufundisha watu jinsi ya kumwokoa mtu aliyezama. Kazi yangu huko ilikuwa kubeba. Nilibeba kamba, nilibeba jaketi za kuelea, nilibeba maji ya kunywa, na nilimbeba Jakom.

Jakom ni mwanasesere wa plastiki wa kufanyia mazoezi, kichwa na kifua tu, hana mikono hana miguu. Tulimwita Jakom, yaani mwenyekiti, kwa sababu kila mkutano yeye yuko mbele na hafanyi kitu.

Lakini kwa simu, yawa, mimi nilikuwa mtu mwingine kabisa. Mama Akinyi alikuwa akinipigia jioni kunijulia hali (hatukuwa tumeonana hata siku moja, yeye yuko Ahero anauza omena sokoni, mimi niko Kisumu), ananiuliza kazi ya kuokoa watu inaendeleaje, nami najibu kwa sauti nzito, "Tunapambana, Mama. Wiki hii tumeokoa wengi." Wengi gani! Hatukuwa tumeokoa hata kuku. Ikapangwa kwamba Jumamosi niende Ahero na wazee wangu nikajitambulishe rasmi, na Akinyi akanionya kwamba mama yake ametangazia soko zima kuwa mkwe wake ni mtaalamu.

Sasa Jumatano ya wiki hiyo hiyo tukawa na mafunzo Usenge, kwenye ufuo wa wavuvi. Mkuu wetu ni Bi Salma, nesi mstaafu, mzaliwa wa Kisumu mjini, Kiswahili chake kimenyooka na hasira zake pia zimenyooka. Asubuhi gari lilijaa mpaka kikabaki kiti kimoja, ama nikae mimi, ama akae Jakom na mimi nipande nyuma juu ya makamba (na nilikuwa nimepiga pasi suruali). Nikamwacha Jakom nyuma ya mlango wa ofisi, nikajiambia, kwani siku moja bila yeye kutaharibika nini? Bi Salma akauliza, "Vitu vyote vimo?" Nikasema vimo.

Tulipofika tukawakuta kina mama wa omena wamekusanyika, nyavu zao zimetandazwa mchangani na omena wameanikwa juu, jua linawaka. Hata mimi nilipewa nafasi ya kusema kidogo, nikawaonya kuhusu mashimo ya wachota mchanga yaliyo chini ya maji, kwamba unaweza kuwa umesimama maji yako kifuani, unasogea kidogo tu, unapotea kichwa. Nilieleza vizuri jamani, mpaka mzee mmoja akanipigia makofi.

Halafu Bi Salma akasema, "Haya, mlete Jakom."

"Amebaki," nikasema.

"Amebaki vipi? Kwani ana miguu ya kukataa kuja?"

Kina mama wakacheka, nami kwa aibu, na kwa kutaka kuonekana mwanaume, nikasema, "Usijali, Bi Salma. Nitakuwa mimi." Si tumejitolea? Nikajitolea. Bi Salma akaniangalia kama mtu anayechagua samaki, akasema sawa, lakini iwe kweli kweli, vua shati, vua suruali, jitose majini kidogo, uje ulale hapa kama mtu aliyetolewa ziwani. Nikabaki na bukta. Suruali yangu nikaikunja vizuri, nikaiweka karibu na kichwa changu, simu juu yake, nikalala chali, nikafumba macho. "Ukizama hujikuni," akanikumbusha.

Akaeleza hatua zote, kisha akauliza, "Nani atakuja kuonyesha?"

Na hapo ndipo nikasikia ile sauti. "Hebu nipisheni. Mimi nauza Ahero lakini nanunua hapa, watu wa hapa ndio wananilisha. Nitakuja mimi."

Sauti ile naijua, huongea nami kila jioni! Ilikuwa ni Mama Akinyi. Sijui mimi nilifikiri omena wanaota Ahero mashambani pamoja na mpunga. Miezi yote hiyo sikuwahi kujiuliza huyu mama anatoa wapi omena zake.

Kwa wale msiojua mila zetu, kwa sisi Wajaluo mama mkwe, tunamwita maro, si mtu wa kuzoeana naye. Hamketi kiti kimoja, hamshikani ovyo, na mwili wako hapaswi kuuona kabisa. Na mimi niko pale chali, na bukta, na bukta yenyewe ina tundu. Nikawaza haraka haraka: nikiamka, ameniona mkwe wake niko uchi mbele ya watu, Jumamosi imekufa, nikibaki, atanishika kifua. Lakini angalau hanijui sura, na sura yenyewe imejaa mchanga, na sauti anayoijua ni ile nzito ya simu. Nikaamua kuendelea kuzama.

Nikasikia anapiga magoti kando yangu, harufu ya omena ikanijia. Bi Salma akamwambia, "Weka viganja hapa katikati ya kifua, Mama. Usibonyeze, mtu mzima huyu, onyesha tu."

"Ngoja kwanza," Mama Akinyi akasema. "Huyu ni mtoto wa watu, nisije nikamvunja mbavu. Mkwe wangu ni mtaalamu wa haya mambo, yuko Kisumu, ameokoa watu wengi sana. Acha nimpigie nimuulize."

Niliomba. Niliomba mtandao upotee, maana Usenge mtandao hupotea hata bila kuombewa, lakini siku hiyo ulikuwa umesimama imara. Simu yangu mlio wake ni jogoo. Jogoo akawika pale karibu na sikio langu, kokorikoo, kokorikoo.

"Hapokei," akasema, akakata. Jogoo akanyamaza. Akapiga tena. Jogoo akawika. Kina mama wakaanza kunong'onezana, na Bi Salma, kwa nia njema kabisa (mpaka leo namsamehe kidogo kidogo), akaiokota ile simu na kusoma kwa sauti ya kutangaza, "Otieno, unapigiwa na Mama Mkwe Ahero!"

Nikasikia, "Nyasaye!" yaani Mungu wangu. Nilipofungua jicho moja nikamwona mama wa watu ameshajifunika uso kwa leso, mikono yake imeishia hewani kabla haijanigusa.

Sasa hapa mtu mwenye akili angechukua suruali yake. Ilikuwa hapo hapo kichwani! Mpaka leo najiuliza. Mimi nilirukia wavu wa omena uliokuwa karibu, nikajizungushia kiunoni na kifuani na omena wake wote, nikakimbilia ziwani, omena wamenigandia mgongoni, na nyuma yangu kina mama wanapiga mayowe, "Omena! Omena yetu!" Wala hakuna aliyesema, "Otieno!"

Nikaingia mpaka maji kifuani. Omena wakarudi ziwani kwao, sema tu walikuwa wamekauka.

"Toka majini!" Bi Salma akaita.

"Sitoki mpaka yeye aende!"

"Basi usisogee nyuma!"

Nikasogea nyuma.

Sijui kama nimewaambia kwamba sijui kuogelea. Hata kikundini sikuwa nimewaambia, hawakuuliza, nami nilikuwa nabeba tu. Lile shimo la mchanga nililowaonya watu asubuhi ndilo hilo likanimeza, miguu ikakosa chini, wavu ukanizonga mikono, nikanywa maji, nikaibuka, nikanywa tena, na nawaambia ukweli, mzaha uliisha hapo. Niliogopa sana. Nilimuona Akinyi machoni, nikawaza ndiyo basi, Jumamosi wataletewa habari badala ya bwana harusi.

"Asiingie mtu!" nikasikia Bi Salma. "Kamba! Mtupieni kamba!" Kamba ikaniangukia usoni, nikaishika kwa mikono na meno. Na nilipoibuka kuangalia nani anavuta, nikamwona Mama Akinyi wa kwanza kabisa kwenye ile kamba, amenipa mgongo, ameipitisha kamba begani kama mtu anayebeba gunia, anatembea kuelekea madukani, wenzake wamejipanga nyuma yake.

"Mama, geuka uone unavuta wapi!" wakamwambia.

"Sigeuki! Yule ni mkwe! Nyinyi niambieni tu kama anakuja!"

"Anakuja! Vuta!"

Nikaburutwa kwa tumbo mpaka kwenye mchanga mkavu, na bado anavuta, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba nimefika. Mtu mmoja akanirushia leso. Mama Akinyi akasikia nakohoa, akauliza, "Yuko hai?" Wakasema yuko hai. Akaiachia kamba, akachukua gunia lake la omena, akaenda zake bila kugeuka.

Jioni hakupiga simu. Aliyepiga ni Akinyi. "Mama amerudi, hajala, amekaa tu anaangalia mlango. Umemfanya nini?" Nikamwambia yote. "Amesema mje Jumamosi," akasema. "Hakuongeza kitu." Sikulala siku hizo, niliona tumeitwa kwenda kukataliwa mbele ya mashahidi. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wetu, alinifariji kwa kusema kama ni kufukuzwa, tuombe wafukuze baada ya chakula.

Basi tukafika Ahero, nimefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni. Mama Akinyi alikaa mbali, kando ya mlango, leso kichwani. Salamu zikaisha, maombi yakaisha, mjomba wake Akinyi akasimama akauliza kama inavyoulizwa, "Mama, huyu kijana aliyekuja hapa, unamjua?"

Nikajikagua tena vifungo vya shati.

"Sura yake ndiyo naiona leo," akasema taratibu, macho yake chini. "Lakini uzito wake naujua."

Kina mama waliokuwa nje dirishani (kumbe wa Usenge nao walikuja!) wakapasuka vicheko, na yeye akangoja watulie. "Nimemvuta mwenyewe mpaka nchi kavu," akasema. "Sasa nitamrudisha wapi?"

Nililia jamani, sifichi. Baba mdogo akadhani ni njaa.

Siku hizi Jakom ndiye anakaa mbele ya gari, amefungwa mkanda, na mimi niko nyuma juu ya makamba na suruali isiyopigwa pasi. Kuogelea najifunza, nimefika mahali naelea. Kujitolea sijaacha, ila nimeapa kwamba sitajitolea tena kushika nafasi ya kitu nilichokiacha ofisini kwa kupenda kiti. Na mama mkwe wangu bado anapiga simu kila jioni.

"Leo mmeokoa wangapi?"

"Hakuna, Mama. Leo nimebeba tu."

"Vizuri," anasema. "Na Jakom umembeba?"