Kidole Kwenye Daftari

Ninyi vijana mtakaosoma haya kwenye simu zenu, kaeni vizuri. Shule niliishia darasa la nne, ila ninachosema nakijua.

Usiku ule mjukuu wangu Zawadi alikuwa amemaliza kuchapa kwenye kompyuta daftari la mapishi la marehemu babu yake. "Bibi, kesho naliweka mtandaoni, linakuwa kitabu." Nikamuuliza mchapishaji ni nani. Akacheka. "Mchapishaji wa nini siku hizi? Nabonyeza tu."

Nikalala. Babu yake akaja.

Enzi za uhai wake alikuwa mhariri kwenye kampuni ya vitabu, na kazi akiileta nyumbani. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole kwenye mswada. Nikipotea, anasimama. Basi nikamwona amekaa mezani kwetu, miwani imefungwa uzi kama zamani, mkononi ana simu ya Zawadi.

"Mama Hadija, kidole," anasema.

Naweka kidole kwenye daftari. Anasoma kwenye simu. Sauti ni ileile, ya kifua kibovu. Nataka kumwambia nimemkumbuka, lakini kazi ni kazi. Meza inarefuka, tuko kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, mashine zimenyamaza, na kina mama wenye watoto mgongoni wamesimama na sahani za muhogo, wanatungoja tumalize ndipo wale. Anasoma: menya, osha, chemsha. Kidole changu kinakwama.

"Simama, Baba Hadija. Hapa pana kitu sikioni."

Anavua miwani, ananitazama kwa upole. "Mtoto alilisoma daftari na nani?"

"Peke yake."

"Usimwache peke yake."

Nikaamka, mto umelowa. Nikalifuata daftari. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa uji, Zawadi kazigeuza kama moja. Nikazibandua kwa kisu. Ndani, mwandiko wa mume wangu: muhogo mchungu, loweka siku tatu, mwaga maji. Usipoloweka, unaua.

Nikamwamsha, nikamwonyesha. Akaanza kulia. "Bibi, ningeua watu!"

"Hujaua. Futa machozi."

Kulipokucha nikawaita wote wa nyumbani. Nikasema: hakuna maandishi yatakayotoka nyumba hii kwenda kwenye simu za watu kabla wawili hawajayasoma, mmoja kwa sauti, mmoja kwa kidole. Kisha yapelekwe kwa mhariri asiyetujua, asiyetuonea haya. Zawadi, vuta kiti. Anza ukurasa wa kwanza.