Hodi ya Tatu

Juzi nilikuwa barazani Mji wa Kale nikinywa kahawa, mtalii mwenye kamera akajiingilia nyumba ya jirani. Mlango ulikuwa wazi tena wa nakshi, akadhani ni makumbusho.

Mwenye nyumba alikuwa ndani akisuka ukili wa mkeka, kichwa wazi. Hakupiga kelele. Alijitanda leso, akamshika mgeni mkono wa shati, akamtoa hadi kizingitini.

“Mwambie apige hodi,” akamwambia mtembezaji wa mtalii, aliyekuwa amebaki nje.

“Ashaomba radhi, mama.”

“Radhi nimempa. Hodi sijaisikia.” Akafunga mlango.

Mtalii akafundishwa, akapiga hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu aliitamka vizuri hasa, na mlango haukufunguka.

“Sasa?” akauliza.

“Sasa twende zetu. Hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi.”

Mtasema mama yule mkali. Mimi nasema mlango wazi ni wa upepo, watu wana hodi yao.

Nikaondoka nikiwacheka watalii hadi Ganjoni kwa dada yangu. Nilikuwa jikoni kwake, nishafunua sufuria, ndipo nikamwona amesimama, akinionyesha mlango kwa kidole.