Uzi Mwekundu wa Kikombe

Mwaka wa nne wa ndoa nilikuwa mnene hasa. Mama mkwe, kila alipovuka kwa feri kutoka Kamanga kuja kwetu Pasiansi, alinizungusha mbele ya majirani kama ng'ombe wa mnadani. "Mnaona? Mwanangu anajua kulisha mke!" Habari ya mtoto aliiacha ya jikoni, na huko aliniita pipa tupu. Hedhi niliiona mara mbili kwa mwaka, na ndevu za kidevuni nilizing'oa kabla mume wangu hajaamka.

Ndipo mjini likafunguliwa duka la intaneti. Mimi karani, kompyuta hainitishi. Nilikuta wanawake wa nchi za mbali wakiandikiana habari za mwili wangu: unene, ndevu, hedhi isiyokuja, vifuko kwenye ovari. Nililia palepale kitini. Mmoja aliniandikia nipunguze mwili, hata kidogo, mayai yangeamka.

Nikaacha chapati na soda, nikawa naenda kazini kwa miguu. Baada ya miezi sita magauni yalining'inia, na hedhi ikaja. Mwezi uliofuata ikaja tena. Nilifurahi kama mwehu.

Nilisahau kwamba miaka ile hakuna aliyekonda kwa hiari. Watu walikondeshwa na ugonjwa mmoja, na tulishazika wengi. Mama mkwe alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, hata shikamoo yangu hakuiitikia. Jioni nilikuta kikombe kimoja kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisichanganywe na vingine. Hicho ndicho changu. Mume wangu alihamishia godoro sebuleni. Nikapima damu, nikaleta cheti kwamba sina kitu.

"Vyeti vinanunuliwa," mama mkwe alisema. "Mwili haudanganyi."

Hedhi ya tatu ilikuja kwa tarehe yake, na wa kunipa mimba analala sebuleni. Niliwachukia wote wawili. Kisha nikafanya upumbavu ambao sijajisamehe: nikala. Chapati, maandazi, sato wa kukaanga, mpaka mashavu yakarudi.

"Amepona!" Mama mkwe alinizungusha tena mbele ya majirani, akaukata ule uzi kwa meno yake. Mume wangu akarudi kitandani wiki hiyohiyo.

Mwezi uliofuata hedhi ikakatika. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu, hakuona vitambaa vyangu kwenye kamba, akadhani ni mimba, akapiga vigelegele. Nilimwacha apige mpaka akachoka.