Lijamu ya Mpira

Siku hiyo kiwanjani tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, mama mwenye shamba, mwajiri wetu, na mtani wetu aliyekuwa akitoka Mikumi kwenda kwao Mamboya, akapita kutusalimia. Na yule farasi jike mwekundu, aliyetuweka wote juani.

Mdogo wangu aliajiriwa kwa ajili ya farasi huyo tu. Wageni wanaofika shambani kwetu, nje kidogo ya Kilosa, hupenda kumwona farasi akiruka viunzi, na mama alimnunua kwa kazi hiyo kutoka kambi moja ya watalii upande wa Mikumi. Kuruka aliruka vizuri. Tabu ilikuwa akishatua. Alikaza shingo, akashusha kichwa na kutoka mbio, huku mdogo wangu akivuta hatamu mpaka viganja vinachubuka.

Asubuhi hiyo mama alisema, "Leo asiposimama, namuuza. Na hapo sina tena kazi ya kumpa mdogo wako."

Niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, ili wadogo zangu wasome. Huyu ndiye wa kwanza wetu kupata kazi ya mshahara wa kila mwezi.

Mimi ndiye mtunza farasi, kibarua wa kulipwa kwa siku, kwa hiyo kuchagua lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, kulikuwa juu yangu. Nilianza na laini. Nikaja na iliyosokotwa kama kamba. Nikaja na yenye mikono mirefu inayobana taya. Kwetu tumekua na ng'ombe wa kulimia, na ng'ombe kamba ikimuuma puani husimama. Huyu kila nilipoongeza ukali, naye aliongeza nguvu. Nilipiga simu kule kambini, wakanijibu, "Weka kali zaidi," wakakata. Nilikuwa nimechoka hata kumtazama.

"Shikamoo kaka," mdogo wangu alimwamkia mtani, akipitishwa na farasi mbele yake kwa kasi.

"Marahaba! Shuka kabla hujafika Dodoma!" Kisha akanigeukia mimi, ambaye kwa utani huniita mke. "Mke wangu, hiyo mdomoni ni lijamu au kufuli la ghala?"

"Pita zako. Ninyi wa Mamboya farasi mmemwona wapi, zaidi ya kumsikia kanisani kwa mchungaji?"

Akacheka sana, maana yeye alikuwa mwongoza wageni kule kambini, na farasi huyu alimpanda mwenyewe.

"Sikiliza," alisema. "Kule tukikutana na tembo tunakaza hatamu, tunamgeuza farasi, tunakimbia. Akivutwa tu, anajua tembo yuko nyuma. Mnavuta, anakimbia. Mnaongeza chuma, tembo anazidi kuwa mkubwa."

Niliudhika. Wiki nzima ya kubadilisha vyuma, na wale wa kambini walikuwa wanalijua hili.

Akatoa begini lijamu nene ya mpira. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea.

"Hii? Amevunja mikono ya mtu kwa chuma, nimshike kwa ndala?"

"Nampelekea punda wangu, amekuwa mkorofi. Lakini huyu anaihitaji zaidi."

"Mdogo wangu akianguka, nitasema nini?"

"Dada," mdogo wangu aliita, akipuliza viganja vyake, "weka. Mikono yenyewe imeisha."

Nikaweka. Mara ya kwanza farasi alikwenda mpaka mwisho wa kiwanja.

"Achia hatamu!" mtani akapiga kelele.

"Nimwachie anayekimbia? Njoo upande wewe!"

Mara ya pili, vilevile. Mama akatazama saa. Nilitamani kuitupa lijamu ile kwenye mkonge. Mara ya tatu mdogo wangu alitua, akakaa mzito kwenye tandiko, na mikono akailegeza. Farasi alikimbia kidogo, masikio yakageuka nyuma kutafuta tembo, asimpate. Akapunguza. Akasimama karibu na safu ya mkonge, hatua chache baada ya mstari wa kusimamia.

"Kapita mstari," mama alisema. "Lakini kasimama. Abaki. Na hiyo lijamu isitoke mdomoni mwake."

Hakuuliza ni ya nani. Mtani ndiye aliyeuliza.

"Na punda wangu? Bila hiyo hasogei. Basi mahindi yangu utayashusha wewe, mke wangu, kutoka shambani mlimani mpaka nyumbani, kwa kichwa."

"Nitakuja," nilisema, na nilimaanisha.

Lakini farasi huyo anataka mazoezi kila siku, la sivyo anarudia mbio zake, na mama haniruhusu hata Jumapili. Jana mtani kanitumia ujumbe wa sauti. Mahindi yamekauka, punda kamgomea kabisa, na mkewe anauliza yule mke mwenzake wa Kilosa anapanda mlima lini.