Uchafu wa Mzinga

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Kwenye kikao cha harusi ya binti yetu, watu walipoanza kubishana kuhusu kitoweo, nilisimama nikasema kuku wote watatoka bandani kwangu, kamati isihangaike. Wakapiga makofi. Nikakaa nimevimba kichwa, mume wangu akinitazama kama mtu anayejua fika nani atafagia hilo banda.

Broila nilikuwa nimeshawafuga mara kadhaa hapa kwetu Itetemia. Wale wa harusi walikuja vifaranga wazuri, wakapata chanjo zao, wakanenepa. Ikabaki wiki moja na siku kidogo, ndipo nikaingia bandani asubuhi nikawakuta wameshusha mabawa, manyoya yamesimama, wanaharisha majimaji, na chakula cha jana kimejaa vilevile kwenye vyombo. Wachache walikuwa wamekufa kando ya ukuta. Watu wote wa kanisani, ukoo wetu na ukoo wa mkwe, walikuwa wanakuja kula kwa ahadi yangu.

Nilikimbilia Isevya kwa bwana anayeuza dawa za mifugo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe dawa, kuku wangu wanakwisha."

Akaniuliza kama kinyesi kina damu. Nikasema hakina. Akashusha chupa kutoka kwenye rafu, kisha akauliza, "Hawa wa kuliwa lini?"

"Jumamosi ijayo. Harusi ya mwanangu."

Akairudisha chupa. "Basi siwezi kukuuzia, mama. Ukiwapa hii, nyama hailiwi mpaka dawa iishe mwilini, na Jumamosi itakuwa haijaisha. Utawalisha wageni dawa."

Nilitamani awe mwongo, aniuzie, yaishe. Badala yake akaniambia nibadilishe maranda, niongeze hewa bandani, niwape maji safi, kisha nisubiri. Kusubiri! Nilitoka bila hata kuaga.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe amefika kutoka Sikonge kwa ajili ya harusi, na ndoo ya asali miguuni. Kwa watu wa Sikonge asali ndiyo jibu la kila swali: kikohozi, kidonda, mtoto asiyelala. Nilipomweleza habari ya kuku, hakushangaa.

"Marehemu baba mkwe wako akirudi porini alikuwa anawatupia kuku vitu vya mzinga," alisema. "Sikuwahi kuona kuku wake wakinyong'onyea hivi."

Mimi nikasikia asali. Nikaibeba ndoo mpaka jikoni. Ilikuwa asali ya porini hasa, kama ilivyotoka mzingani: vipande vya masega, nta, nyuki waliokufa na mabonge ya gundi nyeusi. Mimi ni mtu wa usafi, hata maadui zangu wanalijua hilo. Nikaichuja kwa kitambaa, nikarudia, mpaka ikang'aa. Makapi nikayafunga kwenye mfuko, nikayatupa kwenye shimo la taka. Asali nikaikoroga kwenye maji, nikajaza vyombo vyote vya bandani. Nikaosha mikono nikijiona daktari.

Kilikuwa kiangazi kikavu cha mwezi wa kumi, wakati nyuki wa Tabora wanatafuta maji hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Na mimi nilikuwa nimewawekea maji, tena matamu. Kabla ya adhuhuri nilisikia mvumo uani. Dirisha la banda lilikuwa jeusi kwa nyuki. Kuku waliobaki na nguvu walikuwa wamejirundika pembeni, mmoja juu ya mwenzake, na broila wakirundikana hivyo wa chini hukosa pumzi wakafa.

Mume wangu akasimama mbali akasema, "Mama watoto, harusi umewaandalia nyuki."

Ningekuwa na ufagio karibu, ungemwishia mgongoni.

Mama mkwe hakucheka. Alijifunika khanga hadi usoni, akawasha nyasi mbichi kwenye chungu kilichovunjika, akaingia na moshi wake taratibu. Nikamfuata. Yeye anafukiza, mimi natoa vyombo nje na kuchambua rundo la kuku. Niliumwa kwenye kope, kisha kwenye mdomo, mdomo uleule uliosimama kikaoni.

Nyuki walipopungua tulikaa kibarazani, mimi jicho moja limefumba. Mama mkwe akauliza, "Na uchafu uko wapi?"

"Uchafu gani, mama?"

"Wa mzinga. Mayo! Nani anampa kuku asali? Mzee alikuwa anawatupia uchafu. Asali tulikuwa tunakula wenyewe."

Kumbe alikuwa anasema kitu kimoja, mimi nasikia kingine. Nikachukua jembe nikaenda kwenye shimo la taka. Mfuko ulikuwa bado umefungwa. Mama mkwe akauchambua: huku gundi nyeusi, ile nyuki wanayozibia nyufa za mzinga, huku vipande vya sega vyenye chavua ya njano. Nikamuuliza kipi hasa ndicho kilichokuwa kinawasaidia kuku. Akasema hajui, na mzee mwenyewe hakujua, alikuwa anatupa tu.

Gundi ilinata kwenye kinu na mchi, hatukuweza kuitwanga. Nikaipeleka kwa jirani mwenye friji, ikakaa mpaka ikawa ngumu, ndipo ikasagika. Tukachanganya unga wake kidogo na chavua kwenye chakula. Nikafunga chandarua kwenye madirisha ili nyuki wasirudi, na maranda nikabadilisha, kama yule bwana wa Isevya alivyosema. Nilikuwa nimemkasirikia, lakini si mjinga.

Binti yetu akanisihi, "Mama, tununue kuku wengine, hakuna atakayekucheka." Nikamfokea. Usiku nilikuwa nalala na viatu karibu, nikisikia lolote nikimbilie bandani.

Vifo vilipungua, kisha vikakoma. Asubuhi moja, kabla sijafungua mlango wa banda, nilisikia midomo inagonga vyombo, wote kwa pamoja. Nilikaa juu ya gunia la chakula, nikawasikiliza wanavyokula. Sijui mpaka leo kama ni gundi, chavua, hewa au maranda. Sina ugomvi na yeyote kati yao.

Lakini kuku anaweza kula vizuri na ndani akawa mbovu. Ijumaa ya kuchinja, kina mama walijaa uani na masufuria ya maji ya moto, na mimi sikuthubutu kushika kisu. Mama mkwe ndiye aliyempasua wa kwanza. Aliingiza vidole, akatoa ini, akaligeuza kwenye mwanga wa jua huku na huku. Lilikuwa zima, rangi moja, bila doa hata moja. Binti yetu alikuwa amechungulia mlangoni na hina mikononi, akashusha pumzi tukamsikia wote.

Mama mkwe akalitia lile ini kiganjani mwangu, bado la moto.

"Haya, mama bibi harusi," alisema. "Tangu nifike hujalia. Mwanao anaondoka kesho. Lia sasa."

Nikalia palepale, na kina mama wakanisubiri nimalize ndipo waendelee kunyonyoa.